Kaimu Marehemu

Nchi yenyewe haipo, kwa hiyo msiniulize iko wapi. Waliowahi kuitafuta kwenye ramani walirudi mikono mitupu, isipokuwa mmoja aliyerudi na wito wa kwenda kuhojiwa. Lakini watu wake walikuwapo, na miongoni mwao alikuwapo Bi. Siwema, mjane wa fundi cherehani wa Mtaa wa Chekeche, mwanamke asiye na makuu aliyekuwa na haja moja tu duniani: taa isiyozimika.

Msidhani nchi ile haikuwa na umeme. Ilikuwa nao, tena ulikwisha kutangazwa. Rais alisimama uwanjani akatamka kwamba kuanzia siku ile kila nyumba ina umeme, na wananchi wakapiga makofi, wakarudi makwao wakipapasa kuta. Baada ya tamko hilo mafuta ya taa yalipigwa marufuku, maana nchi yenye umeme ina haja gani na koroboi? Aliyekutwa na koroboi alihesabiwa kuwa ameitukana serikali kwa moto. Mishumaa iliruhusiwa kwa sherehe za kuzaliwa, mradi mhusika athibitishe kwamba alizaliwa.

Na umeme wenyewe ulikuja kweli, hasa mchana. Saa moja na nusu jioni, giza linapoanza kushika, ulikatika, na uliporudi watu walikuwa wamekwisha kulala.

Mume wa Siwema, Kachenje, alikufa kwa sababu ya umeme huo. Palikuwa na mradi ulioitwa Nuru Mlangoni. Mradi ulichimba mashimo ya nguzo mbele ya kila nyumba, waziri akaja akayazindua mashimo kwa kukata utepe, kisha ikaelezwa kwamba nguzo ziko njiani. Zilikuwa njiani mwaka ule, na mwaka uliofuata zilikuwa njiani vilevile. Jioni moja umeme ulikatika, Kachenje akatoka kwenda kuangalia mita. Siwema akiwa ndani alimsikia akiita, "Mama Tunu, hebu leta taa!" Tunu ni binti yao, ameolewa mbali.

"Naleta, Baba Tunu," akajibu, na akaanza kutafuta kiberiti, siku ambazo viberiti bado vilikuwa halali. Akapapasa kabatini, akapapasa chini ya mkeka, akapapasa juu ya kabati. Alipokipata na kutoka, hakuna aliyemwita tena. Kachenje alikuwa ndani ya shimo la nguzo, shingo imevunjika. Kesho yake Mradi ulitoa tamko kuwahakikishia wananchi kwamba shimo halikupata madhara yoyote.

Wakamzika nyuma ya nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya mji ule, chini ya ukuta wa jiko, pale alipopenda kuweka kiti chake jioni. Siwema alipanga mawe kuzunguka tuta kwa mikono yake mwenyewe. Matanga yakaanuliwa, watu wakaondoka. Na jioni ya kwanza aliyobaki peke yake, umeme ulipokatika, sauti ikatoka uani.

"Mama Tunu, hebu leta taa."

Tangu siku hiyo haikukosa jioni hata moja. Haikuwa sauti ya kutisha, wala haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayengoja tu, na hilo ndilo lililomkata maini Siwema kuliko kama angetukanwa. Kila jioni alijifunika khanga gubigubi, akaziba masikio, akaomba Mungu umeme urudi. Mwishowe akasema moyoni: mtu huyu anaomba taa, nami nitampa taa, liwe liwalo.

*

Fundi wa sola aliitwa Mpoki, mtu wa maneno mengi na ngazi fupi. Alipanda juu ya paa, akagongagonga bati, akashuka na hesabu yake: paneli moja, betri, waya, na taa ya kufungwa ukutani kuangalia uani. Bei ilikuwa ya kuuma lakini haikuwa ya kuua. Siwema akauza cherehani ya marehemu. Kile chuma cha kukanyagia kilikuwa kimelika upande mmoja, upande wa mguu wa kulia wa Kachenje, na mnunuzi akataka kupunguziwa kwa sababu hiyo. Siwema akampunguzia, kisha akaingia ndani asiione ikibebwa.

"Gharama umemaliza, Mama," Mpoki akasema. "Sasa imebaki gharama."

"Ipi tena, baba?"

"Kibali. Nyumba ni yako mpaka kwenye bati. Kuanzia bati kwenda juu ni mali ya Idara."

Idara hiyo iliitwa Idara ya Paa na Mambo ya Juu, na ofisi yake ilikuwa chini ya ardhi. Siwema alishuka ngazi, akafuata ukuta kwa mkono, mpaka akafika mbele ya meza ya Bi. Domitila, Afisa Paa Mwandamizi, aliyekuwa akifanya kazi kwa tochi ya simu.

"Karibu, Mama. Usishangae giza, limo ndani ya ratiba. Mwenye nyumba ni nani?"

"Mume wangu, Kachenje. Ni marehemu."

Bi. Domitila akapiga simu mahali, akasikiliza, akaitikia "sawa mzee" mara kadhaa, akakata.

"Mumeo alipiga kura uchaguzi uliopita."

"Mwanangu, wakati huo alikwisha kufa."

"Na wa kabla ya huo. Nimeambiwa anawahi sana kituoni. Ni mwananchi wa mfano, wengine tungeiga."

"Kaburi lake liko nyuma ya jiko langu!"

"Kaburi si kitambulisho." Bi. Domitila hakuwa mtu mbaya. Aliegemea mbele, akashusha sauti kama anayemsaidia ndugu yake. "Nisikilize, Mama. Katika nchi hii marehemu hawapigi kura, ni kosa la jinai. Kwa hiyo, ama mumeo yu hai, ama kura yake iliibwa na mtu anayeishi naye nyumba moja. Pale nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Bi. Domitila akamtazama kwa huruma mpaka Siwema mwenyewe akaelewa.

"Basi yu hai," akasema Siwema polepole.

"Hongera sana. Aje aweke dole gumba."

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Amekufa, mwanangu! Amekufa!"

"Kifo huthibitishwa na mhusika, Mama. Afike hapa na kitambulisho chake, atamke kwa hiari kwamba amekufa, na tutamfuta siku hiyohiyo. Sisi hatuna urasimu. Lakini kama amebanwa, tutakupangia kaimu."

Hapo inabidi nieleze. Nchi ile haikuruhusu nafasi yoyote kukaa wazi. Mkurugenzi akisafiri, kuna kaimu. Kaimu akiugua, kuna kaimu wa kaimu. Ilifika mahali ukienda ofisini na kumkuta mwenye cheo mwenyewe unashtuka, unaona kama umeingia chumba cha mtu anayevaa.

"Kwa hiyo nikubali kwamba mume wangu hakufa?" Siwema akauliza.

"Kubali tu kwamba yupo. Kufa au kutokufa ni mambo yenu ya ndani."

Siwema akafikiri juu ya ile sauti ya jioni. Yupo, akajiambia, hilo si uongo. Akaweka dole gumba, na wino ukawa wa baridi ajabu.

*

Kaimu Mwenye Nyumba aliwasili na sanduku moja, suti ya kahawia iliyompwaya, na adabu nyingi. Mtaani walimpa cheo chake sahihi kabla hajafika mlangoni: Kaimu Marehemu. Aliamkia kila mtu mara mbili, mara moja kwa niaba yake na mara nyingine kwa niaba ya anayemkaimu. Siwema alipomletea maji ya kunawa aliona vidole vyake. Vyote, mkono wa kulia na wa kushoto, vilikuwa vyeusi kuanzia kwenye kucha.

"Ni wino wa uchaguzi," Kaimu akasema kwa aibu. "Hautoki tena, Mama. Nikinawa, yanayochafuka ni maji."

"Kumbe ni wewe uliyempigia kura mume wangu."

"Nilimkaimu tu. Nimeukaimu mtaa huu karibu wote, kuanzia fundi baiskeli mpaka yule mama wa maandazi pale kwenye kona."

"Wewe unaitwa nani?"

"Kwa sasa naitwa Kachenje."

"Na kabla ya hapo?"

Kaimu akafikiri. "Kabla ya hapo nilikuwa yule mama wa maandazi."

Siwema alitaka kucheka, lakini mwenzake hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na haupati.

Mwongozo ulisema kaimu akae katika nyumba mpaka sola izinduliwe, aketi katika kiti cha mwenye nyumba na kula katika sahani yake. Kuhusu kitanda mwongozo haukusema lolote, naye akachagua mkeka sebuleni. Siwema aliona uchungu kumwona katika kile kiti. Alikuwa amejiandaa kumchukia, ila mtu mwenyewe hakumpa nafasi.

"Samahani, Mama Tunu," Kaimu aliuliza, kikombe kikiwa mkononi. "Mimi huwa napenda chai ya tangawizi, au siipendi?"

"Huipendi," Siwema akajikuta akijibu. "Inakuunguza koo."

"Ahsante." Akaisogeza kando.

Saa moja na nusu umeme ukakatika. Wote wawili wakakaa gizani. Sauti ikaja kutoka uani, ileile, na Kaimu akainua kichwa.

"Unaitwa, Mama."

Siwema akageuka upesi. Miaka yote alikuwa akidhani ni akili yake inamchezea. "Unamsikia?"

"Nawasikia wote. Nikishampigia mtu kura hunitafuta. Wengi wanataka kujua nani alishinda."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia ni yuleyule, nao wananyamaza. Ila huyu wako hajaniuliza uchaguzi hata siku moja. Yeye anaomba taa tu."

"Ataipata," Siwema akasema, na akavuta khanga kichwani.

*

Kamati ya Ukaguzi wa Paa ilikuja asubuhi, Bi. Domitila mbele na wajumbe nyuma, kila mmoja na kofia ngumu. Hawakutazama paa. Walikunywa soda, wakazunguka nyumba, wakasimama nyuma ya jiko.

"Hili nini?" Bi. Domitila akauliza.

"Kaburi," Siwema akasema.

"La nani?"

Siwema akamtazama Kaimu, Kaimu akatazama viatu vyake. "La Kachenje."

"Kachenje si huyu hapa amesimama?"

Kaimu akainamisha kichwa kwa heshima. Wajumbe wakanong'onezana, na mmoja, aliyekuwa mtaalamu wa sheria za ardhi, akakohoa. "Kisheria mtu hawezi kuwa na nyumba na kaburi kwa wakati mmoja kwenye kiwanja kimoja. Huko ni kujilimbikizia ardhi. Ama kaburi liondoke, ama lipate mtu wake."

Wote wakageuka kumtazama Kaimu. Kaimu akarudi nyuma hatua moja, kisha, kwa kuwa alikuwa mtumishi mtiifu, akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Funga koti, ndugu yangu, sisi si wauaji," Bi. Domitila akasema. Akamgeukia Siwema. "Mama, liondoe. Uzinduzi ni keshokutwa, Naibu Waziri anakuja."

"Mnataka nimfukue mume wangu?"

"Hapana! Serikali haina habari na mwili. Ondoa tuta na mawe tu, pawe tambarare. Kilicho chini ya ardhi si chetu, ni cha Idara ya Madini."

Walipoondoka Siwema alikaa mlangoni mwa jiko mpaka jua likageuka. Alipima jambo lile moyoni kila upande. Mawe ni mawe tu, akajiambia, na udongo ni udongo; mtu mwenyewe anachoomba ni taa. Akachukua jembe. Kaimu alitaka kumsaidia, akamkatalia.

"Nivumilie, Baba Tunu," alisema huku akilishusha tuta. "Ni kwa ajili ya taa yako." Mawe aliyakusanya kando ya ngazi ya jiko. Kisha akapafagia mahali pale kama anavyofagia uwanja kila siku, na alama za ufagio zilipopita palepale aliona uchungu. Akakaa chini palepale, akalia.

*

Naibu Waziri alikuja na magari mengi kuzindua paneli moja na taa moja. Turubai lilifungwa uani. Zulia jekundu lilitandikwa toka getini mpaka ukuta wa jiko, na kiti cha mgeni rasmi, kile kikubwa cha kukodi chenye mgongo wa dhahabu, kikawekwa pale palipofagiwa, kwa kuwa ndipo palipokuwa tambarare kuliko kwingine kote. Siwema aliona miguu ya kiti ikididimia kidogo kwenye udongo laini.

"Ndugu wananchi!" Naibu Waziri akaanza. "Wapo wanaouliza serikali imewafanyia nini. Leo nawajibu: tazameni juu!"

Watu wakatazama juu.

"Mnaona nini? Jua! Wakati tunapata uhuru, nchi hii nzima ilikuwa na jua moja. Moja, ndugu zangu, tena la kurithi kutoka kwa wakoloni. Leo hii kila wilaya ina jua lake!" Makofi. "Wabaya wetu wanasema jua linachwa jioni. Nawauliza, linachwa kwa nani? Mbona kwangu halijachwa?" Makofi zaidi. "Na ule mradi wa Nuru Mlangoni unakwenda vizuri. Nguzo ziko njiani. Nimeyakagua mashimo mwenyewe, na nina furaha kuwaambia kwamba yote yapo, hakuna hata moja lililopotea!"

Kisha akamtaka mwenye nyumba, mzee wetu Kachenje, aseme neno. Kaimu akasimama na suti yake ya kahawia.

"Naishukuru serikali," akasema, "kwa kunijali ningali hai."

Walishangilia mpaka turubai likatikisika. Alikuwapo pale Mzee Ndimbwa, jirani aliyelibeba jeneza la Kachenje begani. Naye alipiga makofi, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu.

*

Jioni hiyo umeme ulikatika kama kawaida, na mara taa ya Siwema ikawaka. Ulikuwa mwanga mweupe, mkali, uliofunika uani kote hadi kwenye tangi la maji. Majirani walishangaa, wengine wakaja ukutani kuona. Kisha wakarudi makwao, na Siwema akabaki mlangoni mwa jiko, mikono mapajani, moyo ukimdunda kama bibi harusi.

Kimya kikapita kirefu. Akaanza kudhani yamekwisha, mtu ameona taa, amepumzika.

"Mama Tunu."

Sauti ilikuwa karibu mno. "Abee," akajibu, na machozi yakamtoka.

"Taa nimeiona. Ahsante."

"Ni yako, Baba Tunu. Haizimiki hiyo."

"Naona kila kitu. Naona tangi, naona ukuta. Mbona pangu sipaoni?"

Siwema akatazama pale palipofagiwa.

"Mama Tunu, nilikuwa nalala wapi mimi?"

Na sauti ikaanza kutembea. Ilisikika ukutani, ikauliza, "Hapa?" Ikasikika karibu na tangi. "Au hapa?" Uani hapakuwa na mtu. Ile taa ilionyesha kila punje ya mchanga, ilionyesha mstari wa zulia na mashimo manne ya miguu ya kile kiti cha dhahabu, na haikuonyesha kivuli cha mtu yeyote. Sauti ikazunguka nyumba, ikatoka nje ya geti. Siwema akaisikia kule barabarani, kwenye mashimo ya nguzo, ikisimama penye kila shimo na kuuliza kwa upole uleule, "Hapa? Ni hapa?"

Siwema alikwenda kumwamsha Kaimu, akamkuta ameketi kwenye mkeka macho makavu.

"Nimeisikia, Mama."

"Nalitaka kaburi langu," Siwema akasema.

"Kwa utaratibu, mpaka mwenyewe atamke kwamba amekufa."

"Wewe si ndiye uliyeridhia sola kwa niaba yake?"

"Niliridhia."

"Na wewe si ndiye uliyeshukuru kwa niaba yake mbele ya Naibu Waziri?"

Kaimu alitazama vidole vyake vyeusi kwa muda mrefu. Nje sauti ilikuwa imefika mbali, karibu na kona ya yule mama wa maandazi.

"Nimekaimu watu wengi, Mama Tunu," akasema mwishowe. "Nimewasemea mengi. Hakuna hata mmoja ambaye niliwahi kumsemea jambo analolitaka yeye."

*

Kesho yake, kule ofisini chini ya ardhi, Bi. Domitila aliwamulika tochi mmoja baada ya mwingine. Kaimu akavua kofia.

"Mimi, Kachenje, fundi cherehani wa Mtaa wa Chekeche, natamka kwa hiari yangu na kwa akili timamu kwamba nimekufa. Nilikufa jioni, ndani ya shimo la nguzo, nikingoja taa."

Bi. Domitila alipiga simu, akasikiliza, safari hii bila kusema "sawa mzee". Akaiweka simu chini taratibu.

"Sheria inawaruhusu," akasema, kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Lakini Mama, unaijua gharama yake? Marehemu hana paa. Paneli itashuka leo hii, na ikishashuka haipandi tena."

"Najua."

"Uliuza cherehani kwa ajili ya taa ile."

"Najua, mwanangu. Iandike tu."

"Na kura yangu?" Kaimu akauliza.

"Kura itaendelea. Kufa ni haki ya mtu binafsi, kura ni mali ya taifa. Na wewe, Kaimu, ndiyo umefia kazini. Mshahara wako umekoma dakika hii. Poleni kwa msiba."

Walirudi kwa miguu. Siwema akachimbua udongo kwa jembe, Kaimu akaukusanya kwa mikono, na tuta likainuka tena chini ya ukuta wa jiko. Mawe Siwema aliyapanga peke yake. Walipomaliza, Kaimu alikwenda kunawa kwenye beseni, na maji yakawa meusi kama siku zote. Akachukua sanduku lake.

"Unakwenda wapi sasa?" Siwema akamuuliza.

"Kwangu. Nina mke, sijui kama bado ananingoja. Huenda na yeye ana kaburi langu nyuma ya jiko."

"Basi niambie jina lako, nisikukumbuke kwa jina la mume wangu."

Alisimama getini akifikiri, midomo ikijaribu jina hili na lile. Ghafla uso wake ukafunguka.

"Yoeli," akasema. "Naitwa Yoeli, Mama. Lipo, nimelipata." Akaondoka akilirudiarudia njiani kama mtu aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.

Idara ilikuja mchana uleule, kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika nchi ile tangu iumbwe. Walishusha paneli, wakachukua betri, wakachukua taa, wakazungusha waya mkononi, na wakang'oa hata misumari kwa kuwa nayo ilikuwa imetazama juu.

Saa moja na nusu umeme ukakatika. Giza likaingia nyumbani mwa Siwema kama linavyoingia kwa jirani yeyote. Akakaa kitandani, akangoja.

"Mama Tunu, hebu leta taa."

Sauti ilikuwa imerudi mahali pake, chini ya ukuta wa jiko. Mkono wa Siwema ukanyooka wenyewe kuvuta khanga, kisha ukasita. Akaikumbuka ile jioni: kabatini, chini ya mkeka, juu ya kabati, na mwenzake hatua chache tu nje ya mlango. Safari hii hakupapasa kitu. Alisimama, akafungua mlango wa nyuma, akatoka kama alivyo, mikono imetangulia mbele. Hakuona hata pua yake. Alikwenda mpaka kidole cha mguu kikagonga jiwe alilolipanga mwenyewe, akajua amefika.

"Taa sina, Baba Tunu," akasema. "Wameichukua. Nimekuja mwenyewe."

Kisha karibu naye, chini, pakasikika mkwaruzo, kama wa mtu anayesogeza kiti ampishe mwenzake.

"Umechelewa, Mama Tunu," sauti ikasema. "Haya, keti."

Akaketi.